Jiwe la Nyuma ya Nyumba

Historia ya jimbo letu usiitafute kwenye makabrasha ya tume.
Iko nyuma ya nyumba ya mama, hapa Kilimabwe,
kwenye jiwe kubwa kama kanisa, lililoegemea choo,
ambalo kila miaka mitano mtu hulipanda usiku na ndoo ya rangi.

Chini kabisa, ukikwangua kwa kisu,
kuna jembe.
Sabini na tano. Chama kimoja, wagombea wawili,
huyu kapewa jembe, mwenzake nyumba,
na mama, Nyanjige binti Masalu, mgeni kutoka Magu,
akasema: jembe nimelikimbia kwetu, nipeni nyumba.
Jembe likashinda.
Akapanga chumba miaka kumi na mmoja.

Themanini na tano karatasi ya rais ilikuwa na picha
na, pembeni yake, kivuli.
Bugumba wa mashine ya kusaga akakichagua kivuli,
akatangaza kilabuni bila kuulizwa:
"Kwa jua hili la Mwanza, nani anakataa kivuli?"
Kituo kizima, hapana moja.
Hatukuhitaji kuuliza ya nani.

Tisini na tano jiwe likavaa khanga:
vyama hata majina hatujayazoea.
Mimi nilikuwa karani, kituo namba tatu, Darasa la Nne B.
Tulihesabu kwa karabai hadi saa tisa usiku,
ubaoni bado kuna hesabu za watoto,
robo tatu toa nusu,
na mwalimu ameandika: USIFUTE.
Upinzani ulipita kwa kura arobaini na moja.
Watu walishuka mwaloni wakiimba, wauza dagaa wakagawa bure
kwa muda wa saa moja hivi,
kisha bei ikarudi.

Miaka mitano mbele, mshindi wetu akahamia kwa aliowashinda.
Jina hawakuligusa.
Walibadilisha rangi tu.

Na wote, wa jembe, wa nyumba, wa jana na wa juzi,
waliahidi maji.
Ziwa lile pale! Unaliona ukianika nguo,
unaliona ukichutama, unaliona hata ukilikasirikia,
na ndoo unanunua.
Ilikuwa shilingi ishirini. Ikawa hamsini. Ikawa mia mbili.
Hayo ndiyo matokeo ninayoyajua kwa moyo.

Halafu wakaligawa jimbo.
Kijana mwenye kamba na miwani alipitisha mpaka juu ya jiwe,
mama akawa analala jimbo hili, anapika jimbo lile,
na kuku wake wakitaga ng'ambo
akiwafuata kwa fimbo, akidai wapiga kura wake.

Bomba lilifika mwaka usio na uchaguzi,
siku ya Jumanne.
Vijana wawili na sururu, mmoja anaitwa Musira,
hapakuwa na hotuba wala fulana.
Mama alikuwa ametutoka miezi minne.
Maji ya kwanza yalitoka na kutu; sikuyanywa,
nikayamwaga jiweni,
na jiwe lilipolowa majina yote yakajitokeza kwa pamoja,
hata ya waliofilisika, hata ya marehemu,
jembe likiwa limechomoza katikati ya herufi za mtu mwingine.

Juzi wamebandika orodha ukutani mwa shule.
Jina la mama liko juu ya langu.
Nikamwambia karani, binti mdogo, kucha ndefu.
Akapekua, akasema fomu za waliofariki zimekwisha,
nirudi Alhamisi.

Usiku nikasikia ndoo inagonga jiwe.
Nikazima taa, asije akaona haya.
Baadaye kidogo, dirishani, sauti ya kitoto:
"Shikamoo bibi. Naomba maji ya kuchanganyia rangi."

Nikafungua bomba, nikamjazia.