Simu Isiyouliza

Nilitafuta bei ya jiwe la kaburi,
la kijivu, dogo, lenye nafasi ya majina mawili.
Mara moja tu, usiku, jikoni, taa nimezima.
Asubuhi simu iliamka kabla yangu
na majeneza ya msonobari, punguzo asilimia kumi,
na bima ya mazishi, na mwanamke wa meno meupe
akiniuliza kama ninapata usingizi.
Veikko alikuwa bado hai, chumba cha pili,
akikohoa.

Sikumwambia mtu. Nani basi aliyesema?

Mimi si mtaalamu. Miaka kumi na tisa
katika kiwanda cha simu hapa Salo
nilibandika vioo, kioo baada ya kioo.
Uzito wa simu naujua kama mwokaji ajuavyo donge.
Yaliyomo ndani hatukuambiwa.
Kiwanda kilipofungwa tulipewa keki na barua.

Novemba, baada ya mazishi,
Iiris, binti wa jirani, akaniletea simu ya mtumba
na karatasi mbili alizoandika kwa mkono,
hatua ya kwanza mpaka ya kumi na nne.
"Hii inatumia Linux," akasema,
kama mtu anayekuachia paka:
halii sana, ila hapendi kubebwa.

Hatua ya tisa ilinitoa jasho.
Dirisha jeusi likafunguka kwenye kompyuta,
maandishi meupe yakaja mbio
kama theluji mbele ya taa za gari.
Nikakaa mikono mapajani,
nikachelea hata kupiga chafya.
Kisha likaandika neno moja: tayari.
Nililia? La. Niliosha vikombe viwili.
Cha pili hakikuwa kimetumika.

Simu haikuniuliza jina.
Wala siku ya kuzaliwa, wala kidole, wala uso.
Nikaingoja.
Mgeni asiyeuliza hata habari za nyumbani
humtia mwenyeji wasiwasi.

Sasa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Benki ilinikataa; ilisema simu hii si salama,
benki ileile inayojua nimenunua soksi za rangi gani.
Tiketi ya basi ilikataa.
Siku ya kwanza dereva alinipungia niingie,
siku ya tatu akataka sarafu.
Picha zote zina rangi ya chai.
Betri hukata roho saa tisa alasiri,
na Jumanne moja kengele haikulia kabisa,
daktari wa macho akanitoza kwa kutofika.
Ramani inaamini ninaishi katikati ya mto.
Hapo nilicheka, peke yangu, kwa sauti,
mara ya kwanza tangu Oktoba.

Dada yangu Orvokki alipiga kutoka Turku:
"Una nini cha kuficha, na umri huu?"
Sauti yake ilikuja kama ya mtu aliye kisimani.
Sikumjibu. Nilikiwaza kikohozi cha Veikko,
jinsi kilivyokuwa chetu wawili
mpaka kikapachikwa bei.

Simu ya zamani iko ndani ya kopo la biskuti.
Ijumaa huitoa, nikalipa umeme na maji,
kama mtu anayemtembelea ndugu gerezani:
maneno machache, majina usiyataje,
kisha mfuniko.

Juzi niliandika tena, kwenye hii mpya:
jiwe la kaburi, kijivu, majina mawili.
Bei imepanda.
Asubuhi niliinuka nikiyangoja majeneza.
Palikuwa na saa, tarehe, baridi ya nyuzi sita chini ya sifuri,
na ujumbe wa Iiris uliochelewa siku mbili:
Je, inafanya kazi?

Nimemjibu.
Sijui kama jibu limefika.