Ukuta wa Saluni, Arua

Andama alimchora kwa rangi iliyobaki ya geti la kanisa,
ndiyo maana Valdinei wetu ana masikio ya buluu.
Jezi namba tisa, meno yote nje,
mpira umeganda juu ya goti
tangu mwaka ule tulipolipa shilingi mia mbili
kumtazama akiwalaza mabeki chali,
na jenereta likazimika kabla ya bao.

Wanasema amestaafu. Ana kitambi, anauza ng'ombe kwao.

Sawa.
Mvua ya Agosti imemla kisigino.
Lakini jana mtoto wa Candiru,
asiyewahi kumwona akicheza,
alipanda kiti cha kinyozi, akasonta ukutani:
"Ninyoe kama yule."

Jioni Andama akachovya brashi.
Kisigino kwanza.