Upana wa Chupa

Kabla ya samaki, maji.
Kabla ya maji, meza: niliitikisa mara tatu,
nikakunja tiketi ya basi chini ya mguu mmoja
hadi tangi likatulia sawasawa,
lita ishirini, ghorofa ya sita,
huku Bang Khae, ambako baba
analetewa dunia kwa dirisha moja.

"Ishirini?" akasema kwa nusu ya mdomo iliyobaki.
"Unafuga tembo?"

Yeye alifuga mia nne, Nakhon Pathom,
kila mmoja na chupa yake bapa ya wiski,
zimepangwa bega kwa bega juu ya mbao,
na kati ya chupa na chupa kipande cha boksi
ili majirani wasionane.
Jumamosi alivuta kipande kimoja.
Wawili wakaonana. Mashavu yakafunguka kama miamvuli,
wanaume wakahesabu noti.
Kazi yangu mimi ilikuwa kumwaga maji baadaye.

Basi nikaosha changarawe. Nikaosha tena.
Ndoo ya saba ndipo maji yalipokubali kuwa maji.
Nikafunga mmea kwa uzi juu ya kipande cha gogo,
nikalegeza chujio mpaka mkondo wake
ukawa pumzi ya mtu aliyelala,
kwa kuwa pezi refu ni pazia:
upepo ukizidi, humburuta mwenye nyumba.

Maji ya bomba niliyalaza yatoe klorini.
Kisha tukangoja wiki nne.
Nilidondosha punje za chakula mle msimo na mlaji,
zioze,
ili vijidudu nisivyoviona vizoee kula sumu.
Kila Jumapili nilitikisa kichupa cha kupimia:
kijani, kijani, kijani iliyopauka,
njano.

"Sisi tulichota mtaroni," baba akasema.
"Na wangapi walikufa?"
Akageukia ukuta.
Sikukusudia.
Au nilikusudia.

Lakini jani alilijua.
Jani kavu la mkungu, jekundu kama tofali,
nililiokota kwenye maegesho ya hospitali.
Alilipokea kwa mkono wa kushoto, akalinusa,
akalipitisha shavuni, upande unaohisi.
"Loweka. Usichemshe."
Maneno mawili, mazima, hayakuchechemea.
Maji yakageuka rangi ya chai ya mgonjwa.

Samaki aliletwa na Chuchart, jirani wa zamani,
wa mwisho wa ukoo ule, ndani ya chupa ileile,
buluu ya mwali wa jiko la gesi.
Nikaielea chupa tangini mpaka joto lilingane,
nikaiinamisha.

Akatoka.
Akazunguka. Akazunguka tena, palepale pembeni,
duara lenye upana wa chupa.
Siku tatu. Nyumba yote ile ni yake
na yeye anageuka pasipo na ukuta.

Baba naye ana fremu ya kutembelea.
Nesi alimwambia: mpaka mlangoni.
Huishia mguu wa kitanda, akageuka.
Nilikuwa na la kusema. Nikalimeza
pamoja na wali wangu.

Usiku wa nne niliamshwa na taa.
Alikuwa amesimama mezani, hatua tisa kutoka kitandani
(nilizihesabu asubuhi, kigae kwa kigae),
fremu imeachwa nyuma kama punda aliyegoma.
Kidole chake kilikuwa juu ya kioo
kikivutwa polepole, polepole,
na nyuma ya kidole, ndani, ule mwali wa buluu
ukafuata: ukapita jani, ukapita gogo,
ukapita mahali chupa ilipokuwa ikiishia.

Nilibaki kwenye giza la jikoni, bila viatu.
Alijua nipo.

"Upande huu," akasema bila kugeuka,
"weka boksi. Anajiona.
Atajichosha bure kupigana."

Nikakata boksi la dawa zake.
Likatosha.