Bushi ya Mninga

Tulipoitoa kwenye banda la kuku, pale Isevya,
ndani mlikuwa na mayai manne na gamba la nyoka,
limejikunja kwenye bomba la kutolea maji
kama soksi ya mtu aliyeondoka kwa haraka.

Mashine ya baba. Pipa la enameli,
miguu mitatu na tofali,
mota chini ya tumbo, na juu rola mbili za kukamulia
zilizopasuka kama visigino wakati wa kiangazi.
Aliinunua kwenye mnada wa reli, mwaka wa foleni za sukari,
akaisukuma kwa toroli kutoka stesheni,
watoto nyuma yake kama wanamsindikiza bibi harusi.
Ilifua miezi kumi na mmoja.
Kisha ikalia mara moja, kama mbuzi, ikanyamaza.

"Jumamosi," alisema baba.

Jumamosi zikapita na treni, ya Mpanda, ya Mwanza,
baba akiwa gadi, bendera kwapani,
mama ameinama juu ya karai,
ngumi ndani ya povu,
miaka ishirini na sita.
Mgeni akiuliza lile dude ni nini, mama humjibu:
"Ahadi ya gadi. Ina miguu, ila haiji."

Baba tumeshamzika. Mimi nina likizo, nina spana,
nina mpwa wangu Mihayo anayeuliza kila kitu mara mbili.
Tulitia mafuta ya taa kwenye nati, tukalala, tukatia tena.
Moja ilikataa; tukaichoma moto, ikalia, ikakubali.
Tulipiga msasa hadi vidole vikawa vyekundu
kama tumetoka Sikonge kwa miguu.
Mota aliisuka upya fundi Kapaya,
akihesabu mizunguko ya waya kwa Kinyamwezi, kwa sauti,
ili mtu asimsemeshe.
Mkanda wake haukupatikana mjini kote;
tukafunga wa mashine ya kukoboa mpunga
na kuirudisha mota nyuma inchi moja.

Kisha tukafungua giaboksi.

Ndani ya grisi iliyoganda kama asali ya mwaka juzi,
mahali pa bushi ya shaba,
palikaa bushi ya mti.
Mninga. Imechongwa kwa kisu,
ikalainishwa kwa kigae cha chupa,
ikanyweshwa mafuta hadi ikawa nyeusi,
nayo imelika upande mmoja, unene wa ukucha.
Chini yake vipande vya nyingine mbili, zilizopasuka.

Kumbe alijaribu.
Kumbe ndiko alikokuwa, zile saa za usiku
alipoaga kwamba anakwenda kuwatazama kuku.

Hatukumwita mama. Alikuja mwenyewe, anatafuta ungo.
Akaiokota, akaifuta kwa upindo wa kanga,
akachungulia tundu lake kama anatunga uzi kwenye sindano.
"Mjinga," akasema, taratibu,
kama mtu anavyoita jina.
Akaifunga kwenye kamba ya ufunguo wa kabati,
akaenda na ungo wake.

Ya shaba tulichongesha karibu na stesheni.
Tukaiwasha Jumatano;
hakuna aliyetaka kungoja Jumamosi.
Ikaguna. Ikakohoa kutu. Ikashika,
gubu-gubu, gubu-gubu, kushoto, kulia,
mashuka manne yakizama na kuibuka.
Mara tofali likateleza
na mashine ikaanza safari, hatua kwa hatua,
kuelekea mlango wa jiko,
waya unaiburuzikia nyuma, Mihayo anaikumbatia,
kuku wanatawanyika,
na mama, kiganja mdomoni:
"Inakuja! Jamani, inakuja!"

Rola zilitushinda. Mpira wa aina ile haupo tena.
Kwa hiyo shuka la kwanza mama alishika ncha yake,
mimi yangu,
yeye akasokota kulia, mimi kushoto,
maji yakatoboa vumbi katikati yetu.
"Kaza," akaniambia.
"Baba yako alikuwa analegeza."