Dawati Lenye Jina

Barua ilikuja Jumatano, imekunjwa mara tatu.
Biubwa akaisoma wima, mikono imejaa unga,
kidole gumba kikaacha alama nyeupe
juu ya muhuri wa Wizara:
Maabara, Hospitali ya Wete, kuanzia mwezi ujao.
Miaka mitano ya kuomba,
na jibu likaja siku ya chapati.

Nilicheka kwanza.
Halafu nikaitazama cherehani yangu.

Jang'ombe kuta zina masikio.
Asubuhi kwenye kahawa mmoja akasema,
kwa ile sauti ya kumsemea mwengine:
"Siku hizi mume ndiye anayefungwa pindo la kanga."
Nikamaliza kikombe changu, nikamlipia na chake.
Cherehani haina kwao, bwana, nikamwambia,
suruali hupasuka Unguja, na Pemba hupasuka.

Lakini Arafa.
Arafa yuko darasa la pili, mkondo wa mchana,
ana jino moja linalocheza,
ana Zuwena, wagawanao ubuyu punje kwa punje
na ikizidi moja huilamba kwa zamu.
Hakulia. Aliuliza jambo moja tu,
kiatu cha kushoto anakisukumia mguu wa kulia:
"Baba, na pale ninapokaa mimi, atakaa nani?"

Mimi ninayepima watu kwa jicho,
kiuno, bega, urefu wa mkono,
sikuwa na utepe wa suali lile.
Nikasema, "Vua kiatu. Umekosea mguu."

Mwalimu mkuu akaijaza fomu ya uhamisho.
Sababu? Kazi ya mama, nikasema.
Akanichungulia juu ya miwani,
akaandika: kazi ya mzazi.

Tukafunga. Godoro kwa kamba ya katani,
karai ndani ya karai, mbuzi ya nazi meno juu,
cherehani katika magunia mawili
kama maiti ya mtu mfupi.
Kwenye boti Arafa akatapika mara mbili
ndani ya kopo la maziwa, na ile ya pili
ikaondoka na jino.
Likamwagwa huko, baina ya visiwa viwili,
si la huku, si la kule.

Limbani, nyumba ya kukodi,
maji ya bomba huja usiku wa manane na kukohoa.
Jirani yetu jina lake Mgeni,
na hakuna mwenyeji kama yeye.
Alileta muhogo na kisamvu, akauliza,
"Huyu ntoto mbona kanyamaza?"
"Ntoto!" Arafa akarudia, akacheka,
pengo lote nje,
cheko la kwanza tangu bandarini Malindi.

Siku ya skuli nilimshonea ushungi mpya,
nikakosea pindo, nikafumua, nikashona tena.
Wakampa dawati la tatu, kulikuwa na nafasi.
Juu ya ubao mtu kachimba kwa ncha ya bikari:
SHAAME.
Wenzake wakamweleza: kenda Unguja,
babake kapata kazi.

Akarudi mbio, mkoba unampiga mgongoni.
"Baba, nimeshajua! Pale pangu kakaa Shaame."

Skuli za Unguja najua ni nyingi,
najua na watoto wanavyojazana humo.
Nilikuwa na pini mdomoni.
Mwenye pini mdomoni habishi.

Usiku, taa ya chemli, umeme ulikatika,
akaandika kwa penseli, ulimi umeshika pengo:
Shaame dirisha hilo halifungi
mvua ikija sogea kwa Zuwena
usimuogope anapiga kelele tu
dawati lako nalitunza

Biubwa, ametoka kazini ananuka dawa,
akaisoma wima.
Hakuuliza anuani.
Akatafuta bahasha nyumba nzima, hakupata
ila moja, ile ya Wizara,
ina unga bado kwenye muhuri.