Kusikia kwa Mgongo

Tsofa alileta lori lake uani kwangu, Maweni,
chumvi ya Gongoni imejaa kila tundu,
akaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti:
LINAPIGA KELELE. NAAMBIWA TU.

Nikafungua mlango, ufunguo ukiwa ndani. Likalia.
Nikasogea na breki ya mkono juu. Likalia.
Mkanda, likalia. Kinyumenyume, likalia kama mbuzi wa kafara.
Yeye kasimama, anasoma makelele
kwenye mikunjo ya uso wangu.

Miaka kumi na mitatu amebeba chumvi
na gari linalomsema kisogoni kama jirani.

Nilikuwa na dishi la simu zilizokufa,
kila moja na kimota chake cha kutetemeka,
punje ya kunde yenye roho.
Nikaving'oa, nikavitia solda, nikavishona chini ya kitambaa cha kiti,
waya nikazivika mpira, maana chumvi haina adabu kwa shaba.
Nikaungua kidole cha shahada, na tangu hapo
jina langu mikononi mwake ni hilo:
kidole kinachopulizwa.

Haya, jaribu, nikamwashiria, kifua mbele.
Akaenda hadi kituo cha mafuta, akarudi amevimba.
Safari hii aliandika kwa kalamu, akiikandamiza:
UMENIPA WATU SITA. WOTE WANASEMA NENO MOJA.

Kesho yake alikuja na Mbodze, mkewe.
Mbodze hakunisalimu. Alimgeuza mumewe
kama mtu anayegeuza ukurasa, akanionyesha:
kidole kimoja begani, chakula tayari.
Viwili, haraka, kuna mgeni.
Paja la kushoto, mtoto kaamka.
Na kiganja kizima katikati ya mgongo, kikakaa hapo.
"Hiki," alisema, "nimekitumia mara mbili tu."
Sikuuliza lini.

Nikafumua kiti chote.

Sasa paja la kushoto ni mlango wa kushoto.
Bega, mara moja, ni mkanda; mara mbili, breki.
Kurudi nyuma nikakupa taa ya samawati kwenye kioo,
kwa kuwa mgongo nao huchoka kuambiwa.
Na kiganja nikakiwekea oili na joto la injini,
vimota tisa vikiamka pamoja, polepole.

Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa,
tunasikia harufu ya pweza wa jirani,
na hakuna anayeshika sikio.
Lugha ilijua zamani. Ni magari tu yaliyochelewa.

Juzi, darajani Sabaki, mto rangi ya chai ya maziwa,
magunia arobaini nyuma: kiganja.
Akajikokota hadi ng'ambo, akazima.
Bomba la oili lilikuwa limepasuka,
mstari mweusi umemfuata daraja zima.
Injini salama.

Alinisimulia mwenyewe, mikono ikirukaruka,
Mbodze kasimama kando, ncha ya leso mdomoni.
Akangoja amalize, kisha akaniuliza kwa kunong'ona
(wa nini, sijui, mumewe asingesikia):
"Fundi, huo mkono wa barabarani,
una joto?"

Nikasema hauna.

Akapanda garini.
Akaurudisha mlango wa kushoto nusunusu, makusudi,
akamtazama Tsofa
akishika paja lake.