Dakika Saba

"Steki? Wewe?" Bentancur wa buchani aliniuliza mara mbili.
Steki, nikamwambia. Mimi.
Tangu Jumatatu nilikuwa nimezihesabu pesa za pensheni
juu ya kitambaa cha meza, noti moja moja,
na sarara ikakataa kuja mkononi mwangu.
Akanikatia bega, kipande kinene kama Biblia,
akakifunga taratibu:
"Hii humkatalia mwenye haraka tu."

Leo Nelida anatimiza sabini.
Thelathini na miwili kati ya hiyo alisimama kiwandani,
kule chini, kwenye gati la mto Uruguay,
buti za mpira, kisu, baridi inayoingia hadi kwenye kucha,
na ng'ombe wakimpitia wamening'inia kwenye ndoano,
mia tatu kwa zamu.
Laini zote zilipanda meli.
Zilikwenda Hamburg, zilikwenda London,
kwenye sherehe za watu ambao hatukuwajua majina.
Yeye alirudi na shingo ndani ya gazeti,
au mkia, au ulimi,
akaupika hadi usiku,
nami nikala, nikafuta mdomo, nikalala.

Wanasema mvumilivu hula mbivu.
Mimi nililetewa mbivu miaka yote
bila kuvumilia chochote.

Siku hizi meno yake hulala kwenye glasi.
Ya chini yanamuuma. Hasemi.
Huuchovya mkate kwenye mchuzi, huumumunya,
huisukuma nyama pembeni mwa sahani
na kudai ameshiba.

Basi jana jioni niliipaka chumvi,
nikailaza wazi kwenye friji, bila kifuniko.
Ikatoa maji, yakasimama juu yake kama jasho la mwenye homa.
Asubuhi ilikuwa imeyanywa yote.
Nani alinifundisha?
Yeye. Miaka arobaini akieleza,
nami nyuma ya gazeti nikiitikia, "Ndiyo, ndiyo."

Mvua imelilowesha jiko la uani, kuni zimevimba.
Kwetu mwanamume hachomi nyama ndani ya nyumba;
jirani yangu Olivera akiona moshi kwenye dirisha la jikoni
atasimulia hadi Pasaka.
Asimulie.
Nimeikausha kwa taulo la wageni, Mungu anisamehe,
nimekiacha kikaango cha chuma kiwake hadi kikafuka,
kisha: chwaaa!

Nikageuza. Nikageuza tena.
Siagi, kitunguu saumu kilichopondwa na maganda yake,
kijiko kikiteka na kumwaga, kikiteka na kumwaga,
macho yananichuruzika.

Kutoka chumbani: "Waldemar! Unaunguza nini?"
"Miaka yako."
Kimya.
Kisha kicheko, kicheko kisicho na meno,
ambacho sikuwa nimekisikia tangu wajukuu wahamie Montevideo.

Halafu ikaja sehemu ngumu.
Kuiweka juu ya ubao na kutoigusa.
Dakika saba, alikuwa akisema, ili damu irudi nyumbani.
Nikakaa kwenye kigoda, saa mkononi,
mikono chini ya mapaja kama mtoto kanisani.
Dakika ya tatu nilikishika kisu.
Dakika ya tatu na nusu nilikirudisha.
Ni mara ngapi aliketi hivi kunisubiri,
na chakula kikiwa tayari,
na mimi nikiwa nimepitia baa?
Sikuipenda dakika ya tano.

Alikuja akiburuza ndara, amevaa hereni.
Akautazama ubao, akanitazama mimi,
akanipokonya kisu kabla sijakata mara ya pili.
"Unafuata nyuzi, mzee. Zivuke."
Akauzungusha ubao robo,
na mkono ule, wenye vidole vilivyopinda,
ukashuka bila kutafuta njia:
vipande vyembamba, waridi katikati,
vikaangukiana kama kurasa.

Akaweka kimoja mdomoni.
Nikasubiri.
Taya likaenda, likasimama, likaenda tena.
Nje mvua ilikuwa ikipiga bati la Olivera.

"Chumvi imezidi," akasema,
akanisogezea sahani yake
nimwongeze.